Ukaazi wa Dubai haufuti jalada la Dar: jibu kwa mfanyabiashara wa Kariakoo

Swali: "Wakili, shikamoo. Naishi Tegeta na duka langu la vipuri vya magari liko Kariakoo. Mzigo mwingi naupitishia Dubai. Mwaka jana nilikosana na mwenzangu tuliyekuwa tukiagiza naye. Anadai nimekula fedha zake, mimi nasema kontena lilichelewa, bei ikaanguka, hasara ni yetu sote. Amekwenda polisi, akachukua RB (namba ya taarifa ya polisi), nikaitwa na kuandika maelezo. Nilitoka kwa dhamana, aliyenidhamini ni kaka yangu. Sasa kuna wakala ananishauri ninunue nyumba Dubai ya dirham milioni 2 nipate viza ya dhahabu ya miaka 10, na nikiongeza dola laki mbili na ushee nichukue pasipoti ya Grenada. Anasema Dubai haimrejeshi mtu, na ukiwa na pasipoti ya nchi nyingine Tanzania haina mamlaka tena juu yako. Nataka kuhama na mke wangu na watoto watatu. Ni kweli anayosema? Nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako kwa makini, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu maneno ya wakala huyo nimeyasikia kwa wateja wengi, na wachache kati yao waliishia pabaya.

Si kweli. Wakala amechanganya mambo mawili ambayo kisheria kila moja lina njia yake. Ukaazi ni ruhusa ya kuishi katika nchi ya watu. Unapewa na mamlaka ya uhamiaji na unaweza kunyang'anywa na mamlaka hiyohiyo. Kurejeshwa nyumbani kujibu mashtaka ni shughuli ya serikali mbili na mahakama. Huko kinachoangaliwa ni kosa unalotuhumiwa, nyaraka zilizoletwa na mkataba au sheria inayoruhusu. Jaji hatakuuliza una hati ya nyumba mtaa gani.

Litazame kwa upande wetu utaelewa haraka. Zanzibar, mgeni akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika mradi ulioidhinishwa, kama ile ya Fumba, anapata kibali cha ukaazi pamoja na familia yake. Je, kesho Ujerumani au India ikileta maombi rasmi kwamba mtu huyo anatafutwa kwa wizi wa mamilioni, tutasema hashikiki kwa kuwa amenunua nyumba Fumba? Hata kidogo. Basi na wewe kule Dubai utakuwa mgeni wa namna hiyohiyo.

Katiba ya Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo, ibara ya 38, inakataza kuwarejesha raia na wakimbizi wa kisiasa. Raia, si mkaazi. Viza ya dhahabu haikufanyi raia, na yenyewe haikupi haki ya kuupata uraia. Kwa hiyo ile kinga ambayo wakala anaizungumzia ipo kweli katika vitabu, ila haikuhusu.

Sasa hilo la "Dubai haimrejeshi mtu." Chanzo chake ni cha zamani: kwa miaka mingi Falme za Kiarabu zilikuwa na mikataba michache ya kurejeshana watuhumiwa, na watu wakaona wenye madoa wanatamba kule. Lakini kutokuwa na mkataba hakujawahi kuwa ukuta. Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni wa Mnigeria Ramon Abbas, yule aliyejiita Hushpuppi mitandaoni. Juni 2020 polisi wa Dubai walimkamata katika makazi yake ya kifahari, na mwezi uliofuata tayari alikuwa mbele ya mahakama Chicago. Marekani na Falme za Kiarabu hazikuwa na mkataba wa kurejeshana. Polisi wa Dubai walisema amerejeshwa. Wamarekani walisema amefukuzwa nchini humo na kukabidhiwa kwao. Angalia tofauti hiyo vizuri, maana ndiyo hatari ambayo wakala hakukueleza. Kumfukuza mgeni hakuhitaji mkataba, na mara nyingi hakupitii ile safari ndefu ya mahakama. Ni uamuzi wa kiutawala: huyu hatumtaki tena, apande ndege. Novemba 2022 Abbas alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Kabla yake, Desemba 2019, Ridouan Taghi aliyekuwa akitafutwa Uholanzi alikamatwa Dubai na baada ya siku chache akawa ameshafikishwa kwao, naye pia kama mgeni asiyetakiwa.

Tangu hapo mambo yamezidi kukaza. Machi 2022 Falme za Kiarabu ziliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha, na zilitoka Februari 2024. Katika miaka hiyo miwili moja ya mambo yaliyotazamwa ni ushirikiano na nchi nyingine. Ireland, kwa mfano, haikuwa na mkataba nao. Ukasainiwa Oktoba 2024, na ilipofika Mei 2025 mtu wa kwanza alikuwa amesharejeshwa Dublin. Kwa hiyo anayenunua nyumba leo kwa kutegemea kwamba hakuna mkataba, ananunua kwa hali ya leo. Mkataba unaweza kusainiwa wakati bado analipa awamu.

Wakala atakutajia akina Gupta, wale ndugu wafanyabiashara wanaotuhumiwa kwa rushwa Afrika Kusini, na ana haki ya kuwataja, kwa hiyo tuwazungumze. Atul na Rajesh Gupta walikamatwa Dubai Juni 2022 kwa maombi ya Afrika Kusini, na mkataba kati ya nchi hizo mbili ulikuwa umeanza kufanya kazi mwaka mmoja tu kabla. Februari 2023 mahakama ya Dubai ikakataa kuwarejesha. Sababu? Kwa shtaka la utakatishaji fedha, mahakama iliona kwamba sehemu ya kosa inadaiwa kufanyika kulekule Falme za Kiarabu, hivyo nchi hiyo nayo ina mamlaka ya kulishughulikia. Kwa shtaka la udanganyifu na rushwa, hati ya kukamatwa iliyoletwa ilikuwa imeshafutwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wamekingwa na viza au majumba yao. Waliokolewa na makaratasi na mabishano ya mamlaka. Hilo haliwezi kuwa mpango wa mtu mwenye watoto watatu, kukaa akiomba mwendesha mashtaka wa nyumbani akosee karatasi.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, uko hivi. Tanzania ikimtaka mtu aliye Dubai, maombi yanapita njia ya kidiplomasia hadi Wizara ya Sheria ya kule, yanakwenda kwa waendesha mashtaka, kisha mahakama ya rufaa inasikiliza. Itaangalia kama kitendo ni kosa kwao na kwetu, kama adhabu yake inafika angalau mwaka mmoja, kama si kosa la kisiasa, na kama mtu hajahukumiwa tayari kwa jambo hilohilo. Sisi nasi tuna Sheria ya Kurejesha Wahalifu ya mwaka 1965, Sura ya 368, yenye mambo yanayofanana na hayo. Hata pasipo mkataba wa nchi mbili, kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa na ule wa Palermo kuhusu uhalifu wa kupangwa, ambayo nchi zinaweza kuitumia kama msingi. Tanzania na Falme za Kiarabu zote ni wanachama.

Watu wengi wananiuliza pia kuhusu Interpol, kana kwamba ni polisi wenye pingu wanaozunguka dunia. Interpol haimkamati mtu. Notisi nyekundu ni ombi kwa nchi wanachama 196 kwamba mtu huyu atafutwe na azuiliwe kwa muda, na kila nchi inaamua uzito wa kulipa ombi hilo. Kanuni zao zinakataza notisi nyekundu kwa magomvi ya watu binafsi, na kwa mtu ambaye bado hajahukumiwa kosa liwe na adhabu ya juu isiyopungua miaka miwili. Ibara ya 3 ya katiba yao inakataza mambo ya siasa, dini, jeshi na rangi. Nyingi ya notisi hizo hazionekani kwenye tovuti ya umma, kwa hiyo kujitafuta jina mtandaoni usilione hakukuambii kitu. Kuna tume huru inayokagua mafaili ya Interpol, makao yake yako Lyon pamoja na shirika lenyewe. Mtu yeyote anaweza kuiandikia kuuliza kama ana taarifa zake humo, na kama zimeingizwa kinyume cha kanuni, kuomba zifutwe. Maombi hayo ni bure. Akitokea mtu anakutoza maelfu ya dola "kusafisha jina Interpol", mkimbie.

Na hata kama Dubai itakuacha kwa amani, hutaishi Dubai tu. Wewe ni mfanyabiashara, utakwenda Guangzhou, utapita Doha, utapeleka mtoto chuo Malaysia. Kila uwanja wa ndege ni sheria mpya na mahakama nyingine. Meng Wanzhou, mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya Huawei ya China, alikamatwa Vancouver Desemba 2018 akiwa anabadili ndege tu.

Sasa tuje kwako, kwa sababu hapa ndipo ulipojibana bila kujua.

Kama mgogoro wako ni wa biashara iliyopata hasara, hiyo ni kesi ya madai. Kwa kesi ya madai hakuna serikali itakayoomba urejeshwe. Mwenzako atakushtaki, akishinda atakaza hukumu kwenye mali zako. Lakini RB yake imefungua mlango wa pili. Wakiamua kwamba ulimchukulia fedha ukijua hukuwa na nia ya kuleta mzigo, hilo ni kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka saba. Kosa hilo lipo katika sheria za karibu kila nchi, Falme za Kiarabu zikiwamo, kwa hiyo ile sharti ya kosa la pande mbili imetimia. Mpaka hapa tofauti kati ya madai na jinai iko kwenye nia yako wakati wa kupokea fedha, na nia hiyo mahakama huitafuta kwenye matendo.

Hebu fikiria jalada litakavyosomeka ukifuata ushauri wa wakala. Mtu ameitwa polisi akatoa maelezo. Wiki chache baadaye ametoa zaidi ya shilingi bilioni moja, amenunua nyumba nje ya nchi, ameomba uraia wa kisiwa cha mbali, na hajaripoti tena kituoni. Mpelelezi aliyekuwa anaona mgogoro wa kontena sasa ataona mtu anayehamisha fedha zinazolalamikiwa. Na zikishaitwa fedha za uhalifu zilizofichwa kwenye nyumba ya Dubai, shtaka linaweza kupanda likawa utakatishaji fedha. Unajua hapa kwetu shtaka hilo maana yake nini: halina dhamana. Watu wamekaa mahabusu Segerea na Keko miaka wakisubiri upelelezi. Utakuwa umechukua ugomvi uliokuwa unaweza kumalizwa na wazee wa soko pamoja na mawakili wawili, ukautengenezea sababu ya kutafutwa nje.

Halafu kuna kaka yako. Hukuandika juu yake mstari hata mmoja zaidi ya kusema ndiye aliyekudhamini, lakini mimi ndiye ninayemfikiria zaidi. Ulipotoka kwa dhamana, yeye ndiye aliyejifunga kwamba utapatikana. Usipotokea ataitwa yeye. Kesi ikifika mahakamani naye akakudhamini tena huko kwa hati ya nyumba au kiwanja, ukatoroka, mahakama itamtaka alipe kiasi alichokiwekea saini. Nimeona familia zikivunjika kwa jambo hili, na aliyeko nje anatuma ujumbe wa pole kwa WhatsApp.

Kwa hiyo usiondoke jalada likiwa wazi bila kauli ya maandishi. Tafuta wakili wa jinai hapo Dar, aende kituoni ajue jalada limefikia wapi, kama bado liko kwa mpelelezi au limepelekwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kusanya hati za shehena, mawasiliano yenu ya simu na barua pepe, risiti za benki, barua ya kampuni ya meli kuhusu kuchelewa kwa kontena. Ukiwa na ushahidi kwamba fedha zilikwenda kwa muuzaji na mzigo ukafika, hoja ya udanganyifu inalegea. Kaa na mwenzako mkiwa na mawakili, mfanye hesabu, mgawane hasara kwa maandishi. Yeye peke yake hawezi kulifuta jalada, maana kosa la jinai ni la Jamhuri na uamuzi uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, lakini mlalamikaji aliyelipwa na kuridhika hubadilisha mambo mengi. Likifungwa, omba barua. Na ikiwa una safari ya kibiashara kabla ya hapo, iseme kituoni, ipate ruhusa, na urudi siku uliyosema.

Barua hiyo itakufaa kuliko unavyodhani, kwa kuwa nchi zinazotoa ukaazi na uraia kwa wawekezaji zinauliza. Utatakiwa cheti cha tabia njema kutoka polisi. Fomu za nchi za Karibiani zinauliza kama umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kuchunguzwa. Februari 2023 nchi zao tano zinazotoa uraia kwa uwekezaji zilikubaliana na Marekani kanuni sita, na mojawapo ni kwamba waombaji wahojiwe. Ukisema "hapana" huku una jalada kituo cha polisi, umedanganya kwenye maombi ya uraia, na udanganyifu ndiyo sababu ya kwanza ya uraia huo kufutwa baadaye. Cyprus iliufunga mpango wake Novemba 2020 baada ya kashfa na ikaanza kuwafutia watu pasipoti walizokwishalipia mamilioni ya euro.

Na hiyo Grenada, ndugu yangu, mbali na jalada, imekaa vibaya kwako kwa sababu nyingine ambayo inanisikitisha kwamba wakala hakuitaja. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unakwisha. Siku unapoapishwa raia wa Grenada, wewe ni mgeni Tegeta. Ardhi yetu mgeni haimiliki, isipokuwa kwa njia za uwekezaji. Nyumba unayoishi, kiwanja kama unacho, shamba la urithi kijijini, vyote vinaingia kwenye maswali. Bunge limekwishapitisha marekebisho yaliyoleta hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, na yamegusa suala la ardhi, ni hatua kubwa kwa ndugu zetu walioko nje. Lakini hadhi maalum si uraia. Hupigi kura, na ni kitu unachoomba na kupewa.

Jirani zetu wana sheria tofauti, na pengine wakala wako amezoea wateja wa Nairobi. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake tangu Katiba ya 2010, ila anatakiwa kuutangaza ule wa pili kwa mamlaka ndani ya miezi mitatu. Uganda na Rwanda nazo zinaruhusu. Kongo ni kama sisi: katiba yao inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Usichukue ushauri wa jirani ukaupeleka Uhamiaji ya Kurasini.

Tena hebu tazama ramani. Grenada, Antigua na Barbuda, Dominica, St Lucia, St Kitts na Nevis, zote ni Jumuiya ya Madola. Tanzania pia. Nchi za Madola zina mpango wao wa kurejeshana watuhumiwa tangu 1966, uliozaliwa London, na sheria nyingi za wanachama zimeandikwa kwa kuufuata. Mtu anayelipa dola 235,000 aikimbie Tanzania akaingia Grenada, amehamia kwenye familia ileile ya kisheria. Vanuatu nayo imo humohumo.

Habari ya Mehul Choksi inatosha. Mfanyabiashara huyu wa vito wa India anatuhumiwa katika sakata kubwa la benki ya Punjab National. Alipata uraia wa Antigua na Barbuda mwaka 2017, akaondoka India Januari 2018, siku chache kabla ya mambo kulipuka. Pasipoti ilimpa nini? Ilimpa muda, na mawakili walifanya kazi nzuri. Lakini Mei 2021 alitoweka Antigua akaonekana Dominica akiwa mikononi mwa polisi, yeye akisema ametekwa. Aprili 2025 akakamatwa Ubelgiji, alikokuwa akitibiwa, na Oktoba mwaka huo mahakama ya Antwerp ikaruhusu arejeshwe India. Hiyo ni miaka saba ya kuishi kwa mahakama na hospitali.

Thamani ya pasipoti hizo pia inapungua. Julai 2023 Uingereza iliwawekea viza raia wa Dominica na Vanuatu, ikilalamikia jinsi uraia unavyouzwa. Umoja wa Ulaya uliifutia Vanuatu msamaha wa viza moja kwa moja Desemba 2024. Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mpango wa Malta wa kuuza uraia unavunja sheria za Umoja. Hata ukaazi wenyewe umebanwa: Uingereza ilifunga viza ya wawekezaji Februari 2022, Ireland ikafuata 2023, Ureno iliondoa njia ya nyumba Oktoba 2023, Hispania ikafunga kabisa Aprili 2025. Ugiriki bado wanapokea, ila Athens na visiwa vikubwa sasa ni kuanzia euro 800,000.

Kuna jambo moja sitaki nilipite. Wapo wasomaji ambao hofu yao si deni wala kontena. Wanatafutwa kwa maneno waliyosema au chama walichomo. Kwa hao uwekezaji si njia ya kwanza. Sheria ya wakimbizi ndiyo yenye kinga halisi dhidi ya kurudishwa kwenye mateso, na ni bora kuiomba mapema kwa ukweli kuliko kujificha nyuma ya hati ya nyumba. Wajue pia kwamba siyo kila anayerudishwa hupitia mahakamani. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa Nairobi, na baada ya siku chache akafikishwa mahakama ya kijeshi Kampala. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, waliotuhumiwa kwa dawa za kulevya, walitolewa Kenya kwenda Marekani Januari 2017 huku kesi yao ya kurejeshwa ikiwa bado inaendelea mahakamani Mombasa. Kesi zao ni tofauti kama mbingu na ardhi, lakini namna walivyoondolewa inafanana.

Basi ukishamaliza la jalada, Dubai kwa familia na biashara ni wazo zuri, na sikukatazi. Viza ya dhahabu haigusi uraia wako wa Tanzania. Kwa nyumba yenye thamani ya dirham milioni 2, takriban dola 545,000, unapata miaka 10 inayohuishwa, unamdhamini mke na watoto, na haifi kwa sababu umekaa nje zaidi ya miezi sita kama viza za kawaida. Ongeza asilimia 4 ya ada ya uhamisho kwa Idara ya Ardhi ya Dubai, yaani dirham 80,000 hapo hapo, bima ya afya, na ada za shule ambazo kwa watoto watatu zinaweza kukushtua kuliko bei ya nyumba. Ukiuza nyumba, msingi wa viza umeondoka. Na viza imekaa juu ya pasipoti yako ya Tanzania. Pasipoti ikifutwa na Uhamiaji au ikiisha ukashindwa kuihuisha, viza nayo inayumba. Hiyo ni sababu nyingine ya kumaliza mambo yako nyumbani kwanza.

Usidhani pia kwamba umeagana na TRA. Ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukawa nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka, au ukakaa siku 183, sheria inakuhesabu mkaazi wa kodi, na mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya popote. Duka la Kariakoo likiendelea, kodi yake inaendelea. Fedha za nyumba zitoke benki kwa benki, zikiwa na maelezo ya chanzo. Ukizipitisha kwa watu wanaosafirisha fedha kwa mkono kukwepa maswali, utakuwa umemtengenezea mpelelezi ushahidi ambao hakuwa nao.

Kuhusu wakala mwenyewe: Julai 2025 zilienea habari za viza ya dhahabu "ya maisha" kwa dirham 100,000, na mamlaka ya uhamiaji ya Falme za Kiarabu ikajitokeza kukanusha.  Maombi hufanywa kwenye njia rasmi za serikali, na wakala hana dirisha lake la siri. Ukinunua nyumba ambayo bado inajengwa, sheria ya Dubai ya mwaka 2007 inamtaka mjenzi afungue akaunti maalum ya mradi ambayo fedha za wanunuzi huwekwa humo na kutolewa kadiri ujenzi unavyopanda. Mwombe wakala jina kamili la mradi na namba ya akaunti hiyo, kisha uhakiki mwenyewe kwenye programu ya Idara ya Ardhi iitwayo Dubai REST. Akikupa akaunti yenye jina lake, au la kampuni iliyosajiliwa nchi nyingine, usilipe hata dirham moja, na umtumie wakili wako hapo Dar nakala ya mkataba wote kabla hujaweka saini.